Malalamiko: diski ya TB 4 mliyoitangaza kuwa "inafaa PS4 zote"

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: DISKI YA INCHI 2.5 ISIYOINGIA KWENYE PS4

Ndugu Meneja,

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu wahudumu wako wa kwenye chati wamenizungusha vya kutosha. Kila mmoja anaishia kwenye jibu lilelile: kifurushi kimeshafunguliwa, hakirudishwi. Ni kweli kimefunguliwa. Sijui diski hujaribiwaje ikiwa bado imo ndani ya nailoni.

Nina PS4, yaani mashine ya magemu ya PlayStation 4, ya toleo la kwanza, lile lililotoka 2013 na diski ya GB 500. Kuna magemu sasa ambayo moja tu linakaribia au kupita GB 100, na mfumo wenyewe nao una sehemu yake, kwa hiyo kila nikitaka kuweka gemu jipya lazima nifute la zamani. Kununua mashine mpya simo. Hii niliyonayo ni nzima, na waliotengeneza waliacha diski ibadilishwe na mwenye mashine kwa bisibisi tu. Hiyo ndiyo njia niliyoichagua, na tangazo lenu lilisema: TB 4, inchi 2.5, SATA (aina ya kiunganishi cha diski), inafaa PS4 zote. Unene haukutajwa kwenye tangazo wala kwenye boksi.

Ilipofika nilihifadhi sevu zangu, yaani kumbukumbu za nilipofikia kwenye magemu, kwenye flashi, nikasukuma kifuniko cha kung'aa cha upande wa kushoto, nikafungua skrubu ile yenye alama za pembetatu, duara, msalaba na mraba, nikavuta droo inayobeba diski. Diski ya zamani ikatoka bila tabu. Yenu ikagoma. Inapita juu ya kingo za droo, na hata ukiishika kwa mkono, mdomo wa mashine hauipitishi. Niliipima kwa rula: milimita 15. PS4 hupokea diski isiyozidi milimita 9.5.

Inchi 2.5 haisemi chochote kuhusu unene. Diski za aina hii zenye TB 3 au 4 kwa kawaida huwa nene kwa kuwa ndani yake sahani zinazozunguka na kuhifadhi data ni nyingi zaidi, na anayeuza diski kila siku analijua hilo. Mnunuzi halijui, ndiyo maana analitegemea neno "inafaa". Mmeniuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa nije kwenye ushauri niliopewa. Mhudumu mmoja aliniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha upya. Kuwasha nini, diski ambayo haijaingia? Mwingine, aliyekuwa na nia njema, alinishauri ninunue kasha la USB niitumie kama diski ya nje. Kweli, tangu programu ya mfumo 4.50 ya 2017 PS4 hupokea diski ya nje ya USB 3.0 kuanzia GB 250 hadi TB 8, na kwa watu wengi hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote: unachomeka, unaifomati, basi. Lakini makasha mengi ya bei nafuu yametengenezwa kwa diski za milimita 7 au 9.5, kwa hiyo hii yenu itakwama huko pia. Isitoshe, diski ya nje hubeba magemu na programu tu. Sevu, picha za skrini na video hubaki kwenye diski ya ndani. Tena mashine yangu ina matundu mawili tu ya USB, na diski ya nje haikubali kupitia habu (kifaa cha kuongeza matundu ya USB), maana yake tundu moja linakuwa limeshakaliwa moja kwa moja. Kama ningetaka njia hiyo ningenunua diski ya nje iliyo tayari, wala nisingehangaika na diski tupu na kasha lake.

Ninachoomba ni kimoja kati ya viwili: nirudishiwe fedha zangu zote pamoja na gharama ya kuirudisha diski, au mnibadilishie kwa diski mpya ya TB 2 yenye unene usiozidi milimita 9.5, na tofauti ya bei mnirudishie. Nimeambatisha risiti, picha ya diski ikiwa pembeni mwa rula, picha ya droo, na picha ya tangazo lenu. Hilo tangazo nimelitazama tena kabla ya kuandika barua hii, na maneno "PS4 zote" bado yapo. Yaondoeni, au andikeni unene, kabla mwingine hajaagiza.

Nasubiri jibu la maandishi kutoka kwako ndani ya siku 14, si la kwenye chati. Diski imerudi kwenye boksi lake, haijawahi kuunganishwa popote.

Wako,
Mteja