Barua kwa Kaka Athmani, baada ya kura

Brooklyn Park, Minnesota
13 Novemba 2022

Kaka Athmani,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiza mara tatu. Elfu themanini unayoitaka ya deni la kampeni nimeisikia. Na lile neno ulilosema harusini kwa Mwanaidi, kwamba aliyeapia bendera ya watu hana lake tena huko, nalo limenifikia. Nani ataficha neno Likoni? Katiba ya 2010 imeniruhusu uraia wa nchi mbili, kaka. Pasi yangu ya Kenya iko sandukuni, haijaenda popote.

Wasema sikuja kukupigia kura Agosti. Sisi wa Marekani tuliwekewa vituo Washington, New York na Los Angeles, tena kwa kura ya rais peke yake. Kiti chako cha wadi ningekipigia wapi?

Basi sikia yangu. Jumanne tarehe 8 nimepiga kura ya gavana wa Minnesota, ya kwanza tangu nile kiapo cha uraia. Nilihama nyumba mwezi uliopita, na kujiandikisha mapema kulifungwa siku 21 kabla ya uchaguzi, nikajua imenipita. Kumbe jimbo hili tangu 1974 mtu huandikishwa palepale kituoni, siku ileile. Nikatoka zamu ya usiku nikaenda na nguo za kazi. Leseni ina anwani ya zamani, bili ya stima ina jina la mwenzangu wa nyumba. Karani akaniuliza: hakuna jirani akujuaye? Kwenye foleni alikuwako mama mmoja wa Liberia, mlango wa tatu kutoka kwangu, ambaye husalimiana naye tukifua nguo. Akaitwa, akaapa kuwa naishi pale, akatia sahihi. Kwisha. Mpiga kura wa kituo hicho anaweza kudhamini hadi watu wanane, ila mie niliyedhaminiwa siruhusiwi kumdhamini mwengine siku hiyo.

Nikamkumbuka marehemu Baba. Mie mzaliwa wa Likoni, mkunga wangu yuko hai, nilipotaka kitambulisho niliambiwa nilete cheti cha babu, nilete na wazee, niulizwe kabila langu lipi hasa. Baba akavuka feri mara nne na ule mguu wake. Huku mtu asiyeweza hata kulitamka jina langu kasema neno moja, nikapewa karatasi ya kura. Nililia, kaka, nikasingizia usingizi.

Karatasi yenyewe ni moja, mbele na nyuma, wapaka wino kwenye viduara kisha waitia mashineni kwa mkono wako. Gavana Tim Walz kapita tena. Mwanasheria mkuu naye huku huchaguliwa na wananchi, na ni Keith Ellison, Mwislamu mwenzetu, kaponea kwa kura chache. Waambie hao wa barazani. Kidoleni hawakutii wino, wakupa kibandiko chekundu. Changu kiko kwenye friji, na mgeni akiingia namwonyesha kabla ya chai.

Wala hakuna aliyenipa kofia, unga wala leso. Hapo ndipo iliponijia laki moja yangu niliyokutumia Mei. Ilikwenda kwa nani, kaka? Kura ulizopata hata kwa Mjomba hazikutimia watu wa nyumba.

Deni la kampeni sililipi. Mama nimemtumia elfu ishirini na tano, za dawa na za paa la jikoni. Usimkope.

Mie mzima, kazi ni ileile. Jana nilipika mbaazi za mkebe na mahamri, yakatoka mawe, nikayala hivyohivyo dirishani nikitazama theluji. Mwambie Mama anitumie iliki kwa yeyote anayekuja.

Na zile leso zako zilizobaki, nitilie mbili. Hata kama zina sura yako.

Dadako,
Zuhura