Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: muziki wa mtaani upewe saa zake

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa,

YAH: UTARATIBU WA VIBALI KWA MUZIKI WA SHUGHULI ZA MTAANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Dar es Salaam ninayeipenda singeli, muziki wa kasi uliozaliwa mitaani kwetu, na ninayeona kwamba muziki unaokodiwa na kufungwa barabarani kwenye shughuli za uswahilini unatazamwa kama kelele tu. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 ni za lazima, kwa kuwa mgonjwa, mtoto mchanga na mtu anayeamkia kazini alfajiri wana haki ya kulala. Ombi langu ni kwamba wizara yako nayo ikae kwenye meza hiyo, kwa sababu kinachozimwa pale ni chuo cha sanaa.

Anayetaka kujua singeli inavyopikwa aende Manzese, Tandale au Mburahati mchana wa siku ya shughuli, kabla wageni hawajafika. Atamkuta fundi mitambo akishusha spika kwenye guta, nyingine zikiwa na maboksi yaliyoundwa na seremala wa mtaa huo huo, akizipanga moja juu ya nyingine kando ya turubai, akivuta waya kutoka ndani kwa mwenye shughuli, kisha akirudia kipande kimoja cha wimbo mpaka aridhike na besi. Usiku ukiingia, DJ anazungusha vipande vifupi vya taarabu na mchiriku vilivyoongezwa kasi hadi kupita mapigo 200 kwa dakika, na kijana ambaye hajawahi kukanyaga studio anapewa kipaza sauti. Akiboronga, watu wanakaa chini. Akipatia, kina mama wanainuka kumtunza. Hakuna mtihani wa sanaa mkali kuliko huo, na ni kutoka katika mitaa hiyo ambako studio ya Sisso ya Mburahati ilitoa kazi zilizokusanywa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, zikawafungulia vijana wake majukwaa ya Ulaya.

Jamaika ilipita njia hii mapema. Katika miaka ya 1950, wenye muziki wa kukodi jijini Kingston, wakiwamo Tom the Great Sebastian, Duke Reid na Coxsone Dodd, walishindana uwanjani kwa ukubwa wa spika na upya wa santuri kutoka Marekani. Santuri za aina hiyo zilipoanza kuadimika, wakageukia kurekodi waimbaji wa nyumbani, wakijaribu nyimbo mbele ya wachezaji kabla ya kuziuza. Ska, rocksteady na reggae zilikulia hapo. Kijana wa Kingston aliyehamia New York, Kool Herc, aliupeleka utamaduni huo wa spika kubwa Bronx, na sherehe yake ya Agosti 1973 hutajwa kuwa mwanzo wa hip hop. Reggae iliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2018, nami naamini isingefika huko kama viwanja vile vingefungwa moja kwa moja.

Wajamaika nao wana majirani wanaotaka kulala. Sheria yao ya kelele ya mwaka 1997 inamtaka mwandaaji aombe ruhusa polisi siku 10 kabla, na muziki unakoma saa 6 usiku siku za kazi, saa 8 usiku mwishoni mwa juma. Saa hizo zinalalamikiwa kila mwaka, lakini kila mwenye muziki anazijua. London, kwenye kanivali ya Notting Hill, ambako spika za mtaani zimekuwapo rasmi tangu 1973, muziki huzimwa jioni mapema. Na tangu moto wa jengo la Grenfell wa mwaka 2017, spika zote hunyamaza kwa muda mfupi saa 9 alasiri kuwakumbuka waliokufa. Wenye muziki wanaopewa heshima wanajua kuuzima. Mexico City nayo, baada ya mvutano mkubwa kuhusu watu wanaocheza katika bustani na mitaa, iliutangaza utamaduni wa sonidero, yaani wa MaDJ wa mtaani wenye mitambo yao ya muziki, kuwa urithi wa jiji mwaka 2023.

Vigodoro, yaani shughuli hizi za muziki wa mtaani za usiku, vimechafuliwa jina na mambo ya aibu yanayofanyika mbele ya watoto, na hayo siyatetei hata kidogo. Ndiyo maana naomba kibali kimoja kinachotolewa na ofisi ya serikali ya mtaa, chenye ada iliyobandikwa ukutani ili asiwepo wa kupenyezewa chochote, saa ya kuanza na ya kuzima, na sharti la watoto kuondoka mapema. Fundi mitambo asajiliwe kwa jina, awajibike yeye badala ya mama wa watu aliyekodi muziki kumcheza mwanawe. Kipimo cha sauti kiwepo katika kila kata, maana leo ukubwa wa sauti unaamuliwa kwa sikio la anayefika.

Kabla mwongozo wowote haujaandikwa, naomba uwaite mafundi mitambo, MaDJ, wenyeviti wa mitaa na majirani wanaolalamika, mketi nao pamoja. Mitaa niliyoitaja ina kumbi za kutosha kwa kikao hicho.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Mburahati, Dar es Salaam