Nilimwomba tabibu aandike

Mhariri,

Kila ifikapo Oktoba kurasa za gazeti lako hujaa fulana za rangi ya waridi za kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti. Sina ugomvi nazo, hata mimi ninayo moja. Ugomvi wangu ni ile picha inayowekwa pembeni ya habari hizo: siku zote ni mama wa makamo, mtandio kichwani, wajukuu wamemzunguka. Mimi saratani hiyo iliponipata nilikuwa na miaka 31 na mtoto wa miezi saba mgongoni.

Nilikigusa titini nikiwa nanyonyesha. Kinundu kidogo kama punje ya mahindi, kigumu, hakiumi. Mama mkwe akasema maziwa yameganda. Akanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, akanichana titi kwa kitana kama alivyofanyiwa yeye enzi zake. Simlaumu. Zahanati nao walisema yaleyale kwa lugha ya cheti: maambukizi, dozi ya siku saba. Niliporudi, dozi nyingine. Mara ya tatu tabibu akatabasamu: "Dada, wewe bado mdogo sana kwa mambo hayo. Kanyonyeshe mtoto." Nikamshukuru! Nilitoka pale moyo mweupe, Mhariri, na miezi ikapita.

Ni kweli kwamba vivimbe vingi kwenye matiti ya wasichana si saratani, na maziwa huganda kweli. Lakini hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kusoma mwaka wa kuzaliwa kwenye kadi. Kwa sisi wenye umri mdogo nyama ya titi huwa imeshikana, hata mamografia, ile eksirei ya titi, inaweza kupita bila kuuona uvimbe; ndiyo maana mara nyingi huanzwa na ultrasaundi, halafu kinachukuliwa kinyama kikapimwe maabara. Bila kinyama, wote tunabahatisha, aliyevaa koti jeupe na aliyeshika kitana.

Aliyenizindua ni nesi wa kliniki ya watoto, siku alipokuwa akimpima mwanangu uzito. Alinisikiliza, akasema: "Mdogo wangu, rudi kulekule. Usigombane na mtu. Mwambie unaomba rufaa ya kipimo cha kinyama, na kama ameona haina haja, akuandikie kwenye cheti kwamba ameona haina haja."

Nilidhani ananitania. Nani anamwambia tabibu hivyo? Sisi tumelelewa kwamba ukishatoa shikamoo, kilichobaki ni kuitikia ndiyo. Usiku ule nilifanya mazoezi nyumbani, mume wangu akijifanya tabibu, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Asubuhi nikaenda, nikaamkia shikamoo kama kawaida, nikayasema maneno yangu mfululizo kama mwanafunzi anayeghani shairi. Tabibu alinitazama kwa muda. Kisha akavuta karatasi, akaandika rufaa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa saratani ya matiti, na moja ya malengo yake ni kwamba tangu mwanamke afike kituoni na dalili hadi uchunguzi ukamilike zisizidi siku 60. Mimi nilifika tarehe 12 Februari na majibu nikayapata tarehe 4 Agosti. Siku 173. Nimezihesabu kwenye kadi, mihuri ipo.

Wapo watakaosema tatizo ni sisi kukimbilia dawa za kienyeji. Wanaokimbilia wapo, nakubali. Mwaka 2011 nchi hii ilipanga foleni ya magari hadi Samunge, kwa Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na naamini wengi katika foleni ile hawakuwa wajinga, walikuwa wamechoka kurudishwa. Lakini mimi sikwenda kwa mganga. Nilikwenda zahanati mapema, mara tatu. Hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando na KCMC zipo, ila hakuna anayeanzia huko. Safari yetu inaanzia kwenye benchi la mbao la zahanati, na hapo ndipo umri wetu unapotuponza.

Huko mbele nako kuuliza hakukuisha. Nililazimika kumwachisha mtoto ziwa kwa usiku mmoja kabla ya dripu ya dawa za saratani, na katika purukushani hiyo ilibaki kidogo nisahau kuuliza habari ya uzazi. Baadhi ya dawa zile huweza kuharibu mayai, kwa hiyo swali hilo huulizwa kabla ya dripu ya kwanza. Walipoona nina mtoto, walidhani nimemaliza. Nilipouliza, daktari aliweka kalamu chini tukazungumza nusu saa. Na wewe yakikufika, muulize daktari pia kama vipokezi vya homoni, yaani alama za kuonyesha kama saratani yako inakuzwa na homoni, vimepimwa kwenye kile kinyama, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua kama utapewa vidonge vya kumeza kwa miaka baada ya dripu. Na ilipofika zamu ya kuamua kuondoa titi, daktari alimgeukia mume wangu: "Baba, unasemaje?" Mume wangu akajibu, "Muulize mwenye titi." Nikaisaini fomu mwenyewe.

Kwa hiyo Oktoba hii, Mhariri, weka na picha ya msichana. Mweke mwanafunzi wa chuo, mweke anayenyonyesha. Na wanaobandika mabango ukutani kwenye zahanati waongeze mstari kwamba kinundu kilichobaki baada ya dozi kikapimwe, awe na miaka 60 au 22.

Najua nafasi yako ni finyu na barua yangu ni ndefu. Ukilazimika kupunguza, punguza popote, hata kitana cha mama mkwe. Ila hii iache ilivyo, kuna atakayeikata aiweke kwenye pochi: "Naomba rufaa ya kipimo cha kinyama. Kama umeona haina haja, naomba uniandikie hapa."

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro