Laptopu ikichemka kwenye doki, tusikimbilie kubadili feni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee kitu ambacho naona kinawatesa watu wengi wanaofanya kazi na kompyuta siku hizi, na kinachoniuma zaidi ni kwamba wanatoa hela kubadilisha vitu ambavyo havina ubaya wowote. Naongelea laptopu ambayo ikiwa peke yake iko poa kabisa, ila ikichomekwa tu kwenye doki inachemka.

Doki, kwa asiyeijua, ni kile kiboksi kinachokaa mezani, monita zimechomekwa pale, kibodi pale, mausi pale, waya wa intaneti pale, halafu kebo moja tu ndo inaingia kwenye laptopu na kebo hiyohiyo inapitisha picha, inapitisha data na inachaji betri. Ni kitu kizuri sana na simshauri mtu aache kukitumia.

Yangu ilikuwa hivi. Nikiitumia bila doki hata feni siisikii. Nikiichomeka, dakika kumi haziishi feni inaanza kulia, na pale juu ya kibodi karibu na bawaba huwezi kuacha kidole, na kazi yenyewe ninayofanya ni barua pepe na majedwali ya hesabu tu, si gemu wala kuediti video. Nikaipeleka kwa fundi, akafungua, akapuliza vumbi, akapaka pesti mpya ya kupitisha joto kwenye prosesa, yaani ile chipu kuu inayofanya hesabu zote, akasema feni imechoka akaweka nyingine. Tukaiwasha palepale mezani kwake ikakaa nusu saa, baridi. Nikarudi nayo, nikachomeka doki, dakika kumi zilezile! Fundi alifanya kazi yake vizuri na simlaumu, ila hakuniuliza naitumiaje, na mi sikumwambia habari za doki maana sikujua kama inahusika, kwa hiyo mashine ilipimwa ikiwa peke yake wakati tatizo linatokea ikiwa na doki. Baada ya hapo nimesikia habari kama hiyohiyo kwa watu wanne watano tofauti, ndo maana naandika.

Kitu cha kwanza watu waelewe, umeme unaoingia ndani ya laptopu karibu wote unaishia kuwa joto, hauna pengine pa kwenda. Kwa hiyo mashine ikichemka ujue kuna kitu ndani kinakula umeme zaidi ya kawaida, na swali la kuuliza ni kitu gani hicho kimeamka baada ya doki kuchomekwa. Tukienda moja kwa moja kwenye feni tunashughulika na anayetoa joto nje, anayelitengeneza tunamwacha.

Na mara nyingi sana anayelitengeneza ni picha. Laptopu nyingi zenye nguvu zina chipu mbili za picha, moja ndogo iliyo ndani ya prosesa, haili umeme mwingi, na nyingine kubwa ya peke yake ya kufanyia gemu na kazi nzito. Ukiwa unatumia skrini ya laptopu tu, ile kubwa inalala, na ikilala inakuwa kama haipo. Sasa kuna watengenezaji ambao tundu la USB-C au la HDMI wameliunganisha moja kwa moja na ile chipu kubwa, kwa hiyo ukichomeka monita kupitia hapo, hata kama unaandika barua ya mistari mitatu, ile chipu lazima iamke na hailali tena mpaka uchomoe. Ndo ilivyokuwa kwangu. Kwenye Windows ni rahisi kuona, ingia kwenye setingi za skrini, sehemu ya skrini ya kina (Advanced display), uchague ile monita ya nje, utaona imeandikwa imeunganishwa na chipu ipi. Dakika moja tu, hufungui hata skrubu.

Kama laptopu ina matundu mawili ya USB-C jaribu na lile la pili, maana kuna mashine tundu moja linaenda kwenye chipu ndogo na lingine kwenye kubwa. Lingine la kuangalia ni herzi, yaani mara ngapi kwa sekunde monita inachora picha upya. Mtu ana monita ya herzi 144 ameiweka pembeni ya nyingine ya herzi 60, na mchanganyiko huo mara nyingi unafanya kumbukumbu ya chipu ya picha ikae kwenye kasi ya juu muda wote hata kama hakuna kinachosogea kwenye skrini. Shusha ile ya 144 ije 60, ukae kidogo, halafu usikilize feni. Kwa kazi ya ofisini huoni tofauti yoyote ya maana.

Halafu kuna doki za aina nyingine zinazotumia DisplayLink, na hizi watu wananunua bila kujua zinavyofanya kazi. Doki ya kawaida ya USB-C au Thunderbolt inapokea picha iliyokwisha kutengenezwa na chipu ya picha ya laptopu na kuipitisha kwenda kwenye monita. Ya DisplayLink iko tofauti, kuna programu inakaa ndani ya kompyuta yako, inachukua kila kinachoonekana kwenye skrini inakibana kiwe kidogo, inakituma kupitia USB kama data ya kawaida, halafu chipu iliyo ndani ya doki inakifungua tena. Kazi ya kubana kwa kiasi kikubwa inaibeba prosesa yako. Ukiwa na ukurasa umetulia haina shida, ila ukifungua video iwe kubwa, au mkutano wenye sura ishirini zinacheza kwenye monita mbili, prosesa inahangaika kwelikweli. Sizisemi vibaya, kwa laptopu ambazo zenyewe haziwezi kutoa picha ya monita mbili ni msaada mkubwa, ila mtu ajue. Fungua Task Manager kwenye Windows, au Activity Monitor kama unatumia Mac, panga orodha kwa matumizi ya prosesa, uone kama programu ya DisplayLink ndo iko juu. Kama ndo yenyewe, apdeti draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa hicho, na zile video zicheze kwenye skrini ya laptopu badala ya monita za nje, au monita moja iingie moja kwa moja kwenye HDMI ya laptopu bila kupita kwenye doki.

La umeme nalo watu wanalichanganya sana. Doki inachaji, na betri ikiwa inachajiwa inatoa joto lake yenyewe, tena iko sentimita chache tu kutoka kwenye prosesa. Juu ya hapo laptopu ikiona iko kwenye umeme inajiachia, prosesa inaruhusiwa kupanda kasi ya juu kabisa ambayo kwenye betri ingebaniwa. Ndo maana mtu anasema doki inachemsha kumbe hata chaja yake ya kawaida ingefanya vilevile, ila hajawahi kulinganisha. Kwenye setingi za umeme za Windows kuna sehemu ya kiwango cha juu cha prosesa (Maximum processor state), ukiitoa 100 ukaiweka 99 kwenye mashine nyingi ile kasi ya ziada inazimika na joto linashuka sana, na kwa kazi ya kuandika hutajua hata kama umebadilisha kitu. Na kama laptopu yako ina setingi ya kuishia kuchaji asilimia 80, iwashe, kwa mashine inayokaa kwenye doki siku nzima betri itakushukuru, maana joto likikutana na chaji iliyojaa muda wote ndo kinachoizeesha haraka.

Na hapohapo kwenye umeme nisisitize, kuwa nzito, yaani kwenda polepole, na kuchemka si kitu kimoja. Laptopu inayotaka wati 130 ukaichomeka kwenye doki inayotoa 65 itakuwa nzito, inajipunguzia kasi kwa kukosa umeme au inakula betri huku imechomekwa, na mwenye mashine anaiona inagandaganda anasema ni joto. Mfumo wa kuchaji kwa USB-C ulikuwa unaishia wati 100, mwaka 2021 ndo ukapandishwa mpaka 240, na bado kuna mashine na doki mezani kwa watu ambazo ni za kabla ya hapo. Kebo nayo ina mipaka yake, ile isiyo na chipu ya utambulisho ndani inaishia wati 60 hata kama kila kitu kingine ni cha nguvu, kwa hiyo kebo ya kuokota kwenye droo si ya kuchomekea doki. Pima joto kwanza ndo uite joto. Kuna programu za bure zinaonyesha, HWiNFO kwa mfano, na kama prosesa iko digrii 60 au 70 mashine haijachemka hata kama feni inalia. Ikiwa inagota 95 mpaka 100 na kukaa hapo, hiyo sasa imechemka, maana prosesa nyingi za laptopu zinaanza kujipunguzia kasi zenyewe kwenye maeneo hayo.

Kufunga kifuniko nisikuchoshe nako, ila watu wenye doki wengi wanafunga laptopu wanatumia monita tu, na mashine nyingi zinatolea hewa ya moto pale kwenye bawaba, ukifunga njia inabanwa na skrini yenyewe inapigwa na joto. Iache wazi kidogo, inyanyue nyuma, na tafadhali usiiweke juu ya doki, doki nayo ina joto lake.

Sasa jinsi ya kumkamata mwenye kosa, na hapa naomba mafundi wanisome vizuri kwa sababu hii haihitaji kifaa chochote. Fanya kazi ileile, kwa muda uleule, tuseme robo saa, ukiandika joto pembeni. Kwanza laptopu na betri tu. Halafu laptopu na chaja yake yenyewe, bila doki. Halafu doki bila monita hata moja. Halafu ongeza monita moja, halafu ya pili, mwisho waya wa intaneti na vingine vyote. Pale joto linaporuka ndo penye tatizo. Likiruka kwenye chaja, doki haina kosa, ni umeme. Likiruka kwenye monita ya kwanza, ni njia ya picha. Likiruka ukichomeka waya wa intaneti au kifaa cha USB, tazama draiva zake, na uapdeti programu ya ndani ya doki yenyewe maana nayo inayo, watu wengi hawajui. Na likiwa juu tangu mwanzo kwenye betri tu, hapo ndo ufungue, upulize vumbi, ubadili pesti, uangalie feni. Hapo tu. Ila ukikuta betri imevimba, padi ya mausi imenyanyuka au mfuniko wa chini haukai sawa, acha majaribio yote, chomoa, zima, usiichaji tena mpaka betri itolewe.

Mi nilipofanya hivyo joto liliruka kwenye monita ya kwanza, nikahamisha kebo kwenda tundu la pili, nikashusha herzi, ikaisha. Ile feni ya zamani iliyotolewa ilikuwa nzima.

Ombi langu kwa mafundi ni swali moja tu kabla ya kushika bisibisi: ikichemka huwa imechomekwa kwenye nini? Na mteja akisema doki, aambiwe arudi nayo, na kebo yake, na chaja yake. Kwa wanaotengeneza laptopu ombi langu ni kwamba waandike kwenye kijitabu, kwa lugha ya kueleweka, tundu lipi linaenda kwenye chipu ipi ya picha na mashine inataka wati ngapi. Wao wanajua, waliichora wenyewe, lakini sisi tunakuja kulijua hilo baada ya kubadilisha feni nzima.

Ni mimi msomaji wako wa kila siku.