Kitufe cha "Kataa" Kisichokataa Chochote

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Dunga, hapa Kisumu, alitupigia simu akiwa na lalamiko la mgeni kutoka Ujerumani. Mgeni alikuwa amefungua tovuti yake, akabonyeza "Kataa" kwenye bango la kuki (kile kisanduku kinachomwomba mgeni ruhusa ya kuweka kuki), na bado matangazo ya nyumba ile ile yakamfuata Facebook. "Lakini bango si lipo?" mama akauliza.

Lipo, ndiyo. Ukibonyeza "Kubali" linaondoka, ukibonyeza "Kataa" linaondoka vilevile, na hakuna kingine kinachobadilika. Kuki zilikuwa zimeshaingia kabla mgeni hajagusa kitu. Kwetu sisi, hilo ni baya kuliko kukosa bango kabisa: umemuuliza mtu, akakujibu, ukampuuza.

Kuki, au vidakuzi, ni faili dogo ambalo tovuti huliacha kwenye kivinjari cha mgeni. Ile inayokumbuka tarehe alizochagua kulala haina neno, bila hiyo hawezi kuweka nafasi. Tatizo ni zile za kuhesabu na kutangaza. Kuki ya Google Analytics, huduma ya kuhesabu wageni wa tovuti, inaitwa _ga na huwekewa muda wa hadi miaka 2; ile ya Meta, wenye Facebook, inaitwa _fbp, hukaa siku 90, na ndiyo inayosaidia matangazo kumpata mtu baadaye.

Jipime mwenyewe, kwa kompyuta, si simu. Fungua dirisha la faragha kwenye Chrome, ingia kwenye tovuti yako, usibonyeze bango. Bonyeza F12, nenda Application, kisha Cookies. Ukikuta _ga au _fbp tayari imekaa hapo, bango lako ni pambo.

Wengi hutuambia haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli Ulaya wana GDPR, sheria yao ya kulinda data za watu, tangu Mei 2018, na Oktoba 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema kisanduku kilichotiwa alama mapema si ridhaa. Lakini sisi pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Haitaji kuki kwa jina, ila inataja kitambulisho cha mtandaoni kati ya vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Ridhaa iwe ya hiari, itolewe kwa tendo la wazi, na ukiulizwa, ni wewe wa kuthibitisha kwamba ulipewa. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kinachozingatiwa ni kiasi kidogo kati ya hivyo viwili.

Hapo mama akasema yeye ni mdogo, hahusiki. Biashara yenye mauzo chini ya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 hailazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data, sawa. Ila biashara za kulaza wageni hazimo kwenye msamaha huo, ziwe ndogo vipi. Ada kwa aliye mdogo ni shilingi 4,000. Na hata aliyesamehewa usajili, sheria yenyewe bado inamhusu.

Tulichomfanyia ni hiki: Analytics na Meta sasa zinasubiri "Kubali" ndipo ziamke. "Kataa" ina ukubwa na rangi sawa na mwenzake, haijafichwa kwa kijivu. Chini ya kila ukurasa pana kiungo cha kubadili uamuzi. Tuliondoa pia msimbo wa huduma ya gumzo aliyoiacha zamani. Ulikuwa bado unapanda kuki zake kimyakimya.

Tunakuonya mapema: takwimu zako zitashuka. Mama alipiga simu wiki ya kwanza akidhani tumemharibia tovuti. Wageni walikuwa wale wale, ila waliokataa hawahesabiwi tena, na maombi ya vyumba kwa WhatsApp yaliendelea kuingia kama kawaida.

Tutumie anwani ya tovuti yako tuipime. Kupima ni bure. Bei ya kurekebisha tunaitaja baada ya kuona kilichomo.