Usishindane na mkondo

Mwanangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia kwamba Jumamosi mnakwenda baharini. Nenda ukaoge, ucheze na mawimbi, ucheke mpaka mbavu ziume. Sikuandikii ili kukutia hofu. Kuna mambo machache tu nataka uwe nayo kichwani kabla hujalowa.

Mkifika, msikimbilie majini. Kaeni kwanza muitazame bahari, hata dakika kumi. Mtaona mawimbi yakivunjika kwa povu jeupe, na huenda katikati yake pakawa na upenyo uliotulia, usio na povu, maji yake yameiva rangi au yamechafuka mchanga. Macho yatakuambia hapo ndipo pa kuogelea. Sipo! Maji yote yanayosukumwa ufukweni na mawimbi lazima yatafute njia ya kurudi, na njia yenyewe mara nyingi ndiyo hiyo. Mkondo wake ukiwa mkali hukimbia mita 2 kwa sekunde, karibu sawa na kasi ya bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mita 100. Wewe huwezi kuushinda, na mimi siwezi.

Ukikuchukua, kumbuka kwamba haukuzamishi. Unakupeleka mbali tu. Wengi wanaopotea humo huishiwa nguvu kwa kung'ang'ania kurudi moja kwa moja pale walipotokea. Wewe lala chali, vuta pumzi, inua mkono, ita watu. Ukishapita pale mawimbi yanapovunjikia, mara nyingi mkondo hulegea. Ukijiona una nguvu, ogelea sambamba na ufukwe hadi utoke ndani yake, kisha rudi kwa kufuata mawimbi, yatakusaidia kukusukuma. Ukichoka, elea tena. Kuelea si kushindwa, mwanangu.

Ogeni mahali penye waokoaji. Bendera za nyekundu na njano zinaonyesha eneo wanalolitazama. Kaeni kati yake. Ikipandishwa nyekundu tupu, hakuna kuingia, hata kama wengine wanaingia.

Sasa hapa nisikilize vizuri, kwa sababu naujua moyo wako. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, nasi tukazoea kumtafuta mtu anayepiga kelele na kurusha mikono. Mara nyingi hatapiga kelele, kwa kuwa hana hata pumzi ya kuitia. Utamwona amesimama wima majini, kichwa kimelalia nyuma, mdomo unazama na kuibuka, macho hayakutazami. Ukimwita asijibu, hesabu kwamba anazama. Mwite mwokoaji, kisha mtupie chochote kinachoelea: boya, mpira, dumu tupu lenye kifuniko. Usimfuate kwa mikono mitupu. Atakukumbatia kwa nguvu za kufa na mtazama wote wawili, na wengi wamekufa hivyo, watu wema waliokwenda kuokoa. Najua kusimama ufukweni kutakuuma. Nakuomba usimame.

Mengine unayajua. Usijitose kichwa mbele mahali ambapo hukuona chini. Boya la kujaza upepo ni la watoto kuchezea ukingoni. Upepo wa kutoka nchi kavu huliondoa haraka kuliko unavyoweza kulifuata. Yavuyavu usimguse hata akiwa amekufa mchangani, bado anawasha. Mafuta ya kukinga jua pakeni upya kila baada ya saa mbili na kila mkitoka majini, mawingu yawepo yasiwepo. Mkisikia ngurumo, tokeni wote, na msirudi mpaka nusu saa ipite tangu ile ya mwisho.

Mafuta nimeyatia kwenye mfuko wa mbele wa begi lako, pamoja na filimbi. Hiyo filimbi uivae shingoni, usiiache kwenye taulo. Na mdogo wa rafiki yako, kama atakuja, mpeane zamu ya kumwangalia kwa jina: sasa ni wewe, kisha ni fulani. Kila mtu akidhani mwenzake anamtazama, hatazamwi na yeyote.

Mama yako anayekupenda