Kihispania cha waongoza watalii kianze na "siéntese"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva na mwongoza watalii, njia zangu ni Serengeti na Ngorongoro, na wageni wangu wengi wanatoka Hispania, Meksiko na Argentina. Nina neno kwa wanaowafundisha vijana wetu Kihispania hapa Arusha. Karatasi wanazotoka nazo darasani zimejaa amri za kuambiana marafiki: "siéntate" (keti), "levántate" (inuka). Halafu kijana anampokea bibi wa miaka 70 na kumwamrisha kama mdogo wake.

Kwa mtu wa heshima kuna "usted", yaani "wewe" ya heshima, na amri zake ni siéntese (uketi), levántese (uinuke), agárrese (ushikilie). Mswahili hapaswi kupata shida hapo. Hata sisi mgeni hatumwambii "keti", tunamwambia "uketi". Taabu iko kwenye ile "se" ya mwisho, ambayo ni kama "ji" yetu ya "kujiosha". Kuketi kwetu hakuna "ji", basi kijana anaiacha: "Siente, por favor." Mgeni anabaki kujiuliza ahisi nini, kwa sababu "siente" kwa rafiki ni "hisi".

Porini tunakataza kuliko tunavyoamuru, na ukikataza "se" inahamia mbele, alama ya mkazo inaondoka: no se levante, no se asome (usitoe kichwa nje), no se baje (usishuke, simba huyo). Wakiwa wawili au zaidi unaongeza n: siéntense, no se bajen. Nimesikia kijana akisema "no bájese". Walimu, hilo lisahihishwe darasani, si mbele ya simba.

Tena usted inarahisisha kazi. Rafiki wa Madrid huambiwa "siéntate", wa Buenos Aires "sentate", lakini "siéntese" ni ileile kote. Najua Wahispania wengi, hata watu wazima, watacheka na kusema waitwe tú, "wewe" ya kirafiki. Sawa, waseme wenyewe.

Kuna moja ifutwe kabisa: "cállese". Ina usted, ina se, na bado ni "funga mdomo". Pana "silencio, por favor", inatosha.

Naomba karatasi hizo zichapwe upya kabla ya Agosti, mwezi ambao Wahispania wako likizo na magari yetu yamejaa.

Dereva mwongoza watalii,
Arusha